Geuzeni Viganja

"Nyosheni!"

Watoto wakanyosha mikono. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kukaguliwa kucha, na Mwalimu Ndila alipita mbele ya mstari akiinama kwa kila mmoja, mwiba wa mgunga mkononi, akichokoa uchafu chini ya kucha.

"Wewe, huu ni uchafu ama umebeba shamba zima? Mwambie mama yako kucha hukatwa, hazipandwi mahindi."

Watoto wakacheka. Hata yule aliyetaniwa alicheka, kwa sababu mwalimu huyu akikutania ujue hajakukasirikia. Akafika kwa Mutindi, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, ambaye alikuwa amenyosha mikono mbele kabisa, migongo ya mikono ikitazama juu, kama walivyofundishwa. Kucha fupi, safi. "Huyu ndiye mtoto!" Ndila akasema, akapita.

Nasari yenyewe, ile shule ya watoto wadogo, haikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Kuta za udongo, mabati yaliyoliwa na kutu, ua wa minyaa, na nyuma yake jiko la mawe matatu. Ilikuwa Matiliku, mwaka wa themanini na nne, ile njaa ambayo Wakamba waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nacho, kwa maana mtu alikuwa na shilingi mfukoni na dukani hakuna unga wa kununua. Ng'ombe walikufa wamesimama. Wazazi walikuwa wakimlipa Ndila wakikumbuka, na mwaka huo hakuna aliyekumbuka. Lakini watoto walikuja kila siku, hata wenye homa, kwa sababu ya uji. Serikali ilikuwa imeleta mahindi ya manjano ya msaada, na kanisa likampa Ndila gunia moja la nasari, naye alikuwa akiupika ule uji kwa mkono wa uchoyo, mwembamba, ili ufike mbali.

Siku hiyo aligawa uji kama kawaida, vikombe vya bati, moto. Akageuka akamwona Mutindi ameweka kikombe chake chini, amepiga magoti, ameinamisha kichwa anakunywa kama mnyama.

"Mutindi! Wewe ni ndama? Shika kikombe kama mtu!"

Mtoto akakiinua kwa vifundo vya mikono, kikombe kikayumbayumba.

"Kwa mikono, nimesema!"

Basi Mutindi akakishika kwa mikono. Hakulia. Hakukiangusha pia, kwa sababu mwaka huo hakuna mtoto angethubutu kumwaga uji. Alikishika tu, midomo ikitetemeka, machozi yakimdondoka ndani ya kikombe. Ndila akachuchumaa, akachukua kikombe, akakiweka chini, akaugeuza mkono wa mtoto.

Kiganja kilikuwa kimechunika. Nyama nyekundu, pembeni ngozi imejikunja, katikati panatoa maji. Akageuza na wa pili. Vilevile. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameikagua mikono hii akaisifu. Kucha. Juu juu tu.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Niliiba unga."

"Sikuulizi uliiba nini. Nakuuliza ni nani."

"Niliramba tu, mwalimu," mtoto akasema. "Sikula mwingi."

Ndila hakuhitaji kuuliza tena. Mutindi alikuwa yatima wa mama, baba yake alikwenda Mombasa kutafuta kazi akapotelea huko, na mtoto alilelewa na baba yake mkubwa, Muthama. Na Muthama, jamani, hakuwa mtu wa kutajwa ovyo. Ndiye aliyetoa kiwanja cha nasari. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa komiti. Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo. Tena alikuwa wa ukoo mmoja na marehemu Nzuki, mume wa Ndila, na shamba alilolima Ndila kama mjane lilikuwa la ukoo huo. Kila alichokuwa nacho mwanamke huyu, kuanzia kazi mpaka paa, kilipitia mikononi mwa watu wa Muthama.

Akayaosha yale majeraha kwa maji ya chumvi, akayafunga kwa kitambaa alichochana kutoka leso yake. Jioni akafunga mlango wa nasari akashika njia.

Njiani maneno ya Bi. Mwanahamisi yakamjia. Huyu alikuwa ofisa wa elimu, Mswahili wa Kitui mjini, mama mnene wa buibui aliyewafanyia semina walimu wa nasari kule mjini Wote mwaka uliotangulia. Aliwaambia, "Mtoto akiteswa nyumbani, hilo si jambo la nyumbani tena. Ni la serikali. Mwalimu ukiona, nenda kwa polisi ama kwa ofisa wa watoto, siku hiyo hiyo. Ukinyamaza, sheria itakuuliza wewe pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Walimu wakapiga makofi. Ndila naye alipiga, akanywa soda yake, akarudi nyumbani ameridhika kwamba yale maneno yalikuwa mazuri na yalihusu watu wengine.

Barabara iligawanyika mbele ya kinu cha kusagia, ambacho hakikuwa kimesaga kitu tangu mvua ilipokataa. Kulia ilikwenda sokoni, kwenye kituo kidogo cha polisi. Kushoto ilipanda kwa Mzee Ndululu, mkubwa wa ukoo.

Nikifika hapa katika kusimulia, kila mara, natamani kumshika Ndila bega nimgeuze. Lakini nani angemgeuza? Alilelewa akijua kwamba mtu wa ukoo akikosa, anapelekwa kwa ukoo. Anayemkimbiza mwenzake kwa polisi kabla wazee hawajakaa, huyo amewavua watu wake nguo barabarani, na siku akikwama hakuna atakayemnyoshea mkono. Hata maiti yake watu huizika kwa haraka wakaenda zao. Akasimama pale hadi jua likagusa vilima. Kisha akapanda kushoto.

Kesho yake Syombua, mke wa Muthama, alimfuata mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walichimba mashimo marefu wakayateka maji kwa kibuyu, kidogo kidogo. Syombua akangoja wengine waondoke. Walikuwa marafiki hawa wawili. Walikuwa kundi moja la mwethya, wakichimba matuta pamoja, wakiimba pamoja.

"Mwalimu, ungeniambia mimi kwanza," Syombua akasema.

"Ulikuwa hujui, Mama Ndolo?"

Syombua akatazama ndani ya shimo. "Nilikuwepo."

"Na ukamwacha?"

"Nilimpaka mafuta. Tangu siku hiyo namwachia uji wangu, namwambia mimi nimeshiba." Akafuta pua kwa kiganja chenye mchanga. "Muthama hakuwa hivi, wewe unamjua. Ng'ombe walipokufa aliwahesabu kila asubuhi kana kwamba bado wako hai. Sasa anahesabu unga. Ni mara moja tu alimchoma. Si kila siku."

Ndila alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia. Akamtwisha mtungi mgongoni, akamwekea kamba vizuri kwenye paji la uso.

Wazee walikaa Jumamosi ndani ya boma la ng'ombe la Ndululu, ambalo halikuwa na ng'ombe. Wanaume kwenye viti vya miguu mitatu, Ndila chini karibu na lango. Muthama alisimama mwenyewe kabla hajaitwa. Hakukana kitu.

"Ni kweli, nilimweka mikono kwenye makaa," akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeanza na unga atamaliza na mbuzi za watu. Huyu si mtoto wa kupita njia, wazee. Huyu ana jina la mama yangu."

Na ilikuwa kweli. Mutindi alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Muthama, kama desturi ilivyo, ndiyo sababu Muthama hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita mwaitu, mama yangu.

"Kumrudi mtoto ni kumrudi," Mzee Ndululu akasema, "na kumchoma ni kumchoma. Hapo umepita mpaka. Utatoa mbuzi."

"Na akirudia?" Ndila akauliza kutoka langoni.

Vichwa vikageuka. Ndululu akamtazama bila hasira, kama mtu anayemtazama mkwe mwema aliyeropoka. "Hawezi kurudia, mwalimu. Atamlisha mtoto mbele yetu."

Mbuzi akachinjwa. Alikuwa mbuzi wa kiangazi, mifupa na ngozi, lakini ile harufu ya nyama ikipanda hewani! Watu walikuwa hawajaonja nyama tangu mizoga ya ng'ombe ilipokwisha. Mate yakawajaa. Watu wazima wakaanza kuchekacheka bila sababu. Muthama akaletewa maini, akayakatakata, akamwita mtoto, akampakata mapajani.

"Fungua mdomo, mwaitu."

Mutindi akafungua. Mikono yake yenye vitambaa ilikaa mapajani, naye akalishwa maini kipande baada ya kipande na mkono uleule uliomchoma, akitafuna haraka haraka, macho yakifuata kisu. Alikuwa na njaa. Muthama naye machozi yalikuwa yakimtoka, na hayakuwa machozi ya uongo.

"Mtoto amekula," Ndululu akatangaza. "Amesamehe." Wazee wakaitikia.

Kisha kipande cha ubavu kikamfikia Ndila langoni. Kila mtu aliyelelewa kule anajua maana yake. Ukila mbuzi wa ukoo umeyameza yale maneno pamoja na nyama, na hayatatoka tena kinywani mwako. Ukikataa, umesema mbele ya wote kwamba hukumu yao si kitu. Boma zima likamtazama. Ndila akamtazama Mutindi, akaona mashavu yamejaa nyama, akajiambia labda imetosha, labda mtu akiaibika mbele ya wenzake hubadilika.

Akala. Na ilikuwa tamu, hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote.

Mambo yakatulia, usidhani hayakutulia. Mutindi alirudi nasari, viganja vikashika ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi. Akaanza kushika kikombe. Akaimba. Siku moja alimpiga Ndolo, mtoto wa Syombua, kwa kumwita jina la punda, na Ndila akamgombeza huku moyoni anafurahi kwamba mtoto amepata nguvu za kupigana. Muthama alikuja kukagua paa, akamsalimia kwa heshima. Ndila akaanza kulala usingizi wake wote.

Lakini msaada ukachelewa. Lori la mahindi likangojwa, halikuja. Uji ukawa maji yenye rangi.

Jumatatu moja Mutindi hakuonekana mstarini. Ndila akamuuliza Ndolo.

"Analala," Ndolo akasema. "Hataki kula. Hafungui mdomo."

"Kwa nini hafungui mdomo?"

"Hawezi. Tena anajikunja hivi." Na kile kitoto kikajipinda mgongo nyuma, mbele ya wenzake wote, kuonyesha.

Ndila aliacha uji motoni. Alikwenda mbio hadi kwa Muthama akamkuta amesimama mlangoni, mikono pande zote za fremu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Syombua, si kilio, bali mtu anayembembeleza mtoto mfululizo bila kupumzika.

"Nipishe nimwone."

"Ni homa."

"Nipishe, Baba Ndolo."

"Mwalimu." Alisema kwa upole kabisa, kwa uchovu. "Haya maneno yalikwisha. Tulikula mbuzi. Wewe ulikula, nilikuona."

Ndila alimwona mtoto kupitia chini ya kwapa lake. Alikuwa juu ya ngozi sakafuni, amepindika, meno yameumana, uso kama unacheka. Mikono ilikuwa imefungwa kwa kitambaa chenye majivu na samadi. Walikuwa wameogopa zahanati, maana nesi angeuliza. Majeraha ya kuchomwa mara ya pili waliyatibu wenyewe, jinsi wazee walivyotibu zamani.

Safari hii hakusimama mbele ya kinu. Alipita kulia akikimbia, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Watu wa sokoni walimwona wakamwita, akina mama wa kanisani, mtu na shemeji yake. Hakumjibu hata mmoja.

Polisi aliyekuwa zamu hakuwa Mkamba, alikuwa mzaliwa wa upande wa ziwa, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Alisikia sentensi mbili tu akainuka kwenda kumwomba mwenye duka pikapu yake. Hilo lazima lisemwe, hakupoteza muda. Muthama hakupigana nao. Alimbeba mtoto mwenyewe mpaka kwenye gari, akamkinga jua kwa kofia yake, na walipomfunga pingu bado alikuwa akisema, "Polepole na mwaitu. Polepole barabarani, msimtikise."

Hospitalini daktari aliwaambia ni pepopunda, na kwamba imekaa sana. Walimweka mtoto katika chumba chenye giza kwa sababu mwanga ulimshtua. Ndila alikaa nje kwenye benchi pamoja na Syombua, mabega yakigusana. Mutindi alikufa siku iliyofuata, adhuhuri, na mdomo haukufunguka hata baada ya hapo.

Yule polisi alikuja kuandika maelezo. Alikuwa mpole, akamletea Ndila chai.

"Mama, kwanza uliyaona majeraha lini?"

Akamwambia.

Polisi akaacha kuandika. "Wakati ule mtoto alikuwa anatembea? Anakula?"

"Alikuwa anakula."

"Sasa kwa nini hukuja?"

Ndila akafungua kinywa. Alitaka kumweleza juu ya shamba, na Nzuki, na boma, na wazee, na jinsi lile jambo lilivyokuwa na mwanzo na mwisho machoni pa kila mtu. Likatoka moja tu.

"Tulikula mbuzi."

Polisi akamtazama, kalamu hewani, akijaribu kwa dhati kuelewa.

"Mbuzi gani, mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ndila kuusikia ule ujinga ukitamkwa kwa sauti, naye akajifunika uso kwa leso iliyochanwa pembe akalia mpaka chai ikapoa.

Mvua ilirudi mwezi wa kumi na moja. Ilinyesha kwa fujo, ikabomoa matuta, ikafanya vilima kuwa kijani ndani ya wiki, na kunde zikaota hata juu ya lile kaburi dogo. Muthama alikuwa rumande Machakos. Ukoo haukumfukuza Ndila, hapana. Waliacha tu kumsalimia, na wengi wakawatoa watoto wao nasari, na kundi la mwethya likachimba matuta ya kila mjane isipokuwa yake. Alichimba mwenyewe. Kwa kiasi fulani alishukuru kwamba hawakumpa nafasi ya kuomba msamaha.

Jumatatu moja mstari ulikuwa mfupi. Ndila alitoka nje. Mwiba wa mgunga alikuwa ameutupa.

"Nyosheni," akasema.

Wakanyosha.

"Geuzeni viganja."

Sasa walikuwa wamezoea. Viganja vikageuka, kimoja baada ya kingine, naye akapita polepole, akishika kila mkono kwa mikono yake miwili, akikunjua vidole, asione cha kutania.

Akasikia minyaa ya ua ikisogezwa. Alikuwa ni Syombua, amekonda, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, ameshika mkono wa Ndolo. Hawakuwa wamezungumza tangu lile benchi. Syombua akamsukuma mtoto begani kidogo, akabaki palepale kwenye mwanya wa ua, mikono amefumbata kifuani. Hakuingia na hakuondoka.

Ndolo akakimbia akajipanga mwisho wa mstari. Akanyosha mikono yake, na kabla hajaambiwa, akaigeuza mwenyewe.

Viganja vilikuwa vizima. Vilikuwa na rangi ya kijani, ya majani ya kunde aliyokuwa amechuma asubuhi na mama yake. Ndila akachuchumaa akavishika. Nyuma ya nyumba uji ulianza kufurika, ukasikika ukizima moto, na watoto wakageuza vichwa kwa wasiwasi.

"Mwalimu," Ndolo akanong'ona, "nishushe mikono?"

Ndila aliinua macho. Kule kwenye ua Syombua hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ile mikono.

"Ngoja kidogo," Ndila akasema. "Ngoja kidogo."